Gari la babu, petroli ya leo na damu ya mtoto

Katika vijiji vingi vya barabara ya Kilwa, kuanzia Somanga hadi Nangurukuru na kuendelea Lindi, halikosekani gari moja la zamani lililofunikwa turubai chini ya mwembe. Pengine ni Land Rover iliyokuwa ikipenya tope la Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Pengine ni Peugeot 404. Mara chache ni gari dogo la michezo la milango miwili, alilonunua mzee enzi anafanya kazi mjini, akarudi nalo kijijini alipostaafu.

Mzee akishatangulia mbele ya haki, mjadala huanza. Kijana mmoja anataka gari lifufuliwe, mwingine anataka liuzwe chuma chakavu. Wajukuu hawangoji uamuzi, wao wameshaligeuza uwanja wa michezo.

Fundi akiitwa, swali la kwanza ni la mafuta. Gari hili lilitengenezwa kunywa petroli yenye risasi. Petroli ya vituo vya leo haina risasi. Je, injini itahimili? Fundi mmoja atasema itakufa ndani ya wiki. Mwingine atasema kuna dawa ya kuchanganya. Familia inabaki haijui imwamini nani, na fedha ni za kuchangishana.

Jibu lipo, na si gumu. Lakini ndani ya swali hilo la gari kuna swali kubwa zaidi linalowahusu watoto wa nyumba hiyo. Yote mawili yanafaa kujibiwa pamoja.

Risasi iliingiaje kwenye petroli

Risasi inayozungumzwa hapa ni madini, yale yale mazito na laini yaliyomo ndani ya betri ya gari. Mwaka 1921 mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba tone la dawa yenye risasi ndani ya petroli linazuia injini kugonga. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa Marekani.

Kugonga ni ule mlio wa "kang'kang'kang'" unaosikika gari likipanda mlima limelemewa. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na pistoni inapigwa isipotakiwa. Magari ya michezo ndiyo yanayougua zaidi, kwa sababu kompresheni yao ni kubwa ili yapate nguvu na mbio. Risasi ilikuwa njia rahisi ya kuwaruhusu watengenezaji kuongeza nguvu hiyo.

Ilikuwa na faida ya pili ambayo haikukusudiwa. Mabaki yake yalitanda juu ya siti za valvu za ekzosi kama utando mwembamba, yakazuia chuma kisisagane na chuma.

Madhara yake yalionekana mapema. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuvuta hewa yenye dawa hiyo, wengine wakapatwa na wazimu. Pamoja na hayo, biashara iliendelea, na dunia nzima ikaendesha magari kwa petroli yenye risasi kwa miongo mingi. Magari yaliyokimbia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitimua vumbi letu kwa petroli ya aina hiyo.

Kwa nini iliondolewa

Risasi haiungui ikaisha. Ilitoka kwenye ekzosi pamoja na moshi, ikatua barabarani, kwenye mchanga wa uwanja, juu ya nguo na mikononi mwa watoto.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo yuko kwenye hatari kubwa kuliko baba yake, kwa sababu tumbo lake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Pia mtoto huchezea chini na hupeleka mikono mdomoni kila mara.

Ikishaingia mwilini, risasi huenda kwenye ubongo, ini, figo na mifupa. Mtoto hupungukiwa uwezo wa kujifunza na kutulia, hupungukiwa damu, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma. Kwa mama, risasi iliyojificha kwenye mifupa tangu utoto hutoka wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto tumboni.

Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuachana na petroli hiyo. Kufikia Januari 2006 ukanda wote, Tanzania ikiwemo, ulikuwa umeiacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Somanga baada ya hapo amekua akivuta hewa isiyo na risasi ya petroli, ambayo wazazi wake waliivuta bila kujua.

Injini ya zamani inaumia wapi

Sasa kuhusu gari. Sehemu inayoathirika ni moja: siti za valvu za ekzosi. Valvu hiyo hufunguka na kufunga mara nyingi kila dakika ikiwa ya moto mkali. Bila ule utando wa risasi, valvu laini na siti laini hushikana kidogo kila zinapogusana, zikiachana zinang'oa chembe. Siti inalika taratibu na valvu inazama ndani ya hedi.

Si kila gari la zamani linapatwa na tatizo hili. Kuna makundi mawili.

Kundi la kwanza ni magari ambayo hedi yake ni ya chuma cha kusubu na siti zimechongwa kwenye hedi yenyewe. Mfano unaojulikana ni MGB, gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Haya ndiyo yanayolika.

Kundi la pili ni magari yenye hedi ya alumini. Alumini ni laini mno kuwa siti, hivyo kiwanda kilipachika siti za chuma kigumu zaidi. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, iko kundi hili, na Peugeot 404 pia. Haya kwa kawaida huvumilia petroli ya leo vizuri zaidi.

Fundi anayesema "litakufa ndani ya wiki" anazidisha. Siti hulika kwa mwendo na mzigo. Gari linalokwenda mbio ndefu bila kupumzika, kwa mfano Somanga hadi Dar es Salaam kwa mwendo wa juu, siti zake zitalika haraka. Gari linalotembea taratibu kwenda sokoni na harusini linaweza kukaa miaka bila shida. Injini iliyowahi kutumia petroli yenye risasi kwa muda mrefu hubaki na kinga kidogo ya mabaki ya zamani.

Familia ifanye nini na gari

Jambo la kwanza ni kutokimbilia kutoa fedha. Hedi isifunguliwe kwa hofu tu. Fundi aseti tapeti, aandike vipimo kwenye daftari, kisha azipime tena baada ya kilomita elfu moja au mbili. Nafasi ya tapeti za ekzosi ikiwa inazidi kuwa ndogo kila anapopima, siti zinalika. Dalili nyingine ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi na nguvu kupungua kwenye silinda moja.

Jambo la pili, hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine, labda gasketi imeungua, hapo ndipo ipelekwe kwenye karakana ya mashine ikapachikwe siti ngumu za ekzosi. Kazi hiyo hufanywa mara moja, na baada yake gari halihitaji dawa yoyote tena.

Jambo la tatu ni hizo dawa za kuchanganya. Zipo za kweli. Uingereza ilipositisha uuzaji wa jumla wa petroli yenye risasi kuanzia Januari 2000, chama cha vilabu vya magari ya kale nchini humo kiliendesha majaribio na kuziidhinisha baadhi. Lakini ikinunuliwa, iwe chupa yenye lakiri, yenye jina la mtengenezaji na maelezo ya kipimo. Kichupa kisicho na lebo hakifai. Na kamwe isitafutwe dawa yenye risasi yenyewe, kwa sababu hiyo hupenya hata kwenye ngozi.

Jambo la nne, gari likigonga linapopanda mlima, fundi arudishe taimingi nyuma kidogo. Litapoteza nguvu chache lakini pistoni zitapona.

Jambo la tano ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloua. Mipira ya mafuta ya miaka 40 imekauka na kupasuka, na tenki lililokaa kwenye hewa ya chumvi ya pwani lina kutu ndani. Petroli ikivuja juu ya injini ya moto, gari linaungua na waliomo. Mipira yote ibadilishwe na tenki lisafishwe kabla gari halijawashwa kwa mara ya kwanza.

Wapo wanaouliza kuhusu gesi, kwa kuwa bomba la gesi ya Songo Songo linatokea baharini hapo hapo Somanga Funga likielekea Dar es Salaam. Ni kweli magari ya petroli yanaweza kufungwa mfumo wa gesi. Lakini gesi ni kavu kuliko petroli na hula siti laini za valvu kwa kasi zaidi. Gari la kundi la kwanza lisifungwe gesi kabla ya kupachikwa siti ngumu.

Gari lenyewe bado lina risasi

Hapa mzazi asome taratibu. Petroli imebadilika, ila gari la mzee ni lile lile. Masizi ndani ya ekzosi na juu ya pistoni ni mabaki ya miaka mingi ya risasi. Rangi ya magari ya zamani mara nyingi ilichanganywa na risasi. Vipande vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha matairi vilikuwa vya risasi. Na betri yake imejaa risasi.

Kwa hiyo siku fundi anapokwangua hedi au kupiga msasa bodi ili apake rangi mpya, vumbi linaloruka si vumbi la kawaida. Kazi hiyo ifanywe mbali na jiko, kisima na mahali watoto wanapochezea. Bodi ipigwe msasa ikiwa imelowanishwa maji, vumbi lisiruke. Fundi afunge pua na mdomo, asile wala kuvuta sigara katikati ya kazi. Uchafu ukusanywe kwa kitambaa chenye maji, usifagiliwe mkavu.

Akimaliza, avue nguo za kazi nje na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zisifuliwe beseni moja na nepi. Baba wengi huleta sumu nyumbani bila kukusudia, kwenye mikunjo ya shati.

Watoto wasiachwe kucheza ndani ya gari bovu. Mbali na rangi inayobanduka, mlango ukijifunga jua likiwaka, joto ndani yake linaweza kumuua mtoto kwa muda mfupi.

Betri na chubwi za nyavu

Katika kijiji cha wavuvi kama Somanga, betri iliyokufa ina kazi nyingine. Sahani zake za risasi zinaweza kuyeyushwa kwenye sufuria na kufinyangwa chubwi za kuzamishia nyavu na mishipi. Pengine hufanywa uani, kwa kuni, huku watoto wakizunguka moto.

Hatari yake si ya kubahatisha. Kitongoji cha Owino Uhuru mjini Mombasa kilijengewa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu pembeni ya nyumba za watu. Watoto waligundulika na risasi kwenye damu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mwanawe aliugua, naye akaongoza wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014 na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi hiyo ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Hukumu hiyo haiwezi kumrudishia mtoto akili iliyokwishaharibika.

Kilichotokea kwa kiwanda kinaweza kutokea kwa sufuria moja. Betri iliyokufa ibadilishwe dukani au iuzwe nzima kwa mnunuzi anayeichukua bila kuivunja. Chubwi zinunuliwe zikiwa tayari, au nyavu zizamishwe kwa mawe na vyuma vingine. Sufuria iliyowahi kuyeyushia risasi isipikiwe tena chakula hata ikisuguliwa ikang'aa. Na mtoto asikabidhiwe chubwi aitafune ili kubana uzi, kama wafanyavyo baadhi ya wavuvi.

Petroli yenyewe nyumbani

Kutokuwa na risasi hakuifanyi petroli kuwa maji. Mitambo ya boti inahitaji mafuta, bodaboda zinahitaji mafuta, na mara nyingi petroli hukaa nyumbani kwenye vidumu na chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Petroli isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Iwekwe kwenye dumu lake lenye kifuniko, nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko. Ile tabia ya kunyonya petroli kwa mpira kwa mdomo iachwe kabisa. Hata funda dogo likiingia mapafuni huleta homa ya mapafu kali.

Mtoto akinywa petroli asitapishwe. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula. Akitapishwa, petroli hupita tena kooni na kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari inapozidi. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha akimbizwe kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, pamoja na chupa aliyonywea.

Na moto usisahaulike. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kijiji cha kando ya barabara kuu kinapaswa kulisema jambo hili kwa watoto wake waziwazi: lori la mafuta likianguka, kila mtu akimbie kuliacha, na Zimamoto wapigiwe namba 114.

Chakula na kipimo

Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Bahati nzuri, dawa yake iko sokoni Somanga. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu. Maharage, kunde, samaki na mboga za majani kama kisamvu na matembele huongeza madini ya chuma, hasa zikiliwa pamoja na ndimu, chungwa au embe. Mtoto aliyeshiba pia hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula ni kinga ya bei ndogo kuliko zote.

Mzazi mwenye wasiwasi, kwa mfano fundi magari, mpaka rangi au mvuvi aliyewahi kuyeyusha betri uani, amweleze daktari wa hospitali ya wilaya kazi anayofanya na mahali anapoifanyia. Dalili za risasi zinafanana na maradhi mengine: tumbo kuuma, kufunga choo, damu kupungua, mtoto kuzubaa darasani. Bila kuelezwa kazi ya mzazi, daktari hana sababu ya kufikiria risasi. Kipimo ni cha damu na huenda kikahitaji kutumwa maabara kubwa. WHO inashauri kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtu mzima huyo huyo asipojirekebisha, matibabu ya mtoto hayatasaidia.

Uamuzi wa gari ubaki wa familia. Likifufuliwa kwa utaratibu, litakunywa petroli ya leo na kutembea. Likiuzwa, liuzwe likiwa zima, na betri yake iende nalo. Kabla ya yote hayo, watoto watolewe ndani yake, mlango ufungwe kwa ufunguo, na ufunguo ukabidhiwe bibi.